Kuku Anaumwa: Tambua Kinachomsumbua Kabla Hujanunua Dawa

Kuku wagonjwa wote hufanana kwa mbali. Amejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu, chakula hataki. Dalili hizo zinakwambia kwamba anaumwa. Anaumwa nini, hazisemi. Hapo ndipo wafugaji wengi wa nyumbani wanapowapoteza kuku wao. Mtu anakwenda duka la dawa za mifugo, anasema "kuku wangu wamezubaa", anauziwa pakiti ya OTC, dawa ya bakteria, anachanganya kwenye maji. Kama ni kideri, dawa hiyo haifanyi lolote kwa sababu kideri ni virusi. Kama ni minyoo, haiiui. Kama ni utitiri unaowanyonya damu usiku, kesho yake watakuwa vile vile. Siku tatu zinapita, na kuku ambaye dawa yake ilikuwepo dukani amekufa.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kuku wachache wa kienyeji au chotara wanaozunguka uani mchana na kulala bandani au jikoni usiku. Kwa banda la biashara la mamia ya kuku mambo ni mengine; huko daktari wa mifugo anatakiwa awepo tangu mwanzo.

Kwanza jiulize, ndipo umkamate

Wanaumwa wangapi, na wameanza kwa kasi gani? Kuku mmoja anayekonda taratibu na kuku sita waliokufa tangu juzi ni habari mbili tofauti kabisa. Wana umri gani? Swali hili peke yake linaondoa nusu ya magonjwa: kuhara damu na Gumboro, ugonjwa wa virusi, ni vya wadogo wa wiki tatu hadi nane hivi, mahepe, ugonjwa unaopooza miguu, hujitokeza zaidi kuanzia miezi miwili au mitatu, ilhali kideri hakichagui. Na nini kimebadilika ndani ya wiki mbili zilizopita? Kuku mpya kutoka mnadani, jogoo wa zawadi aliyeletwa na mgeni kutoka safari, gunia jipya la pumba, mvua iliyolowanisha banda, au jirani ambaye kuku wake walikufa akawatupa jalalani bila kuwafukia.

Ukishapata majibu, mkamate kuku jioni akiwa ameshapanda kulala, maana mchana utamkimbiza na kumchosha bure. Anza na kifua. Pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari: kama umechongoka na nyama zimeisha pande zote mbili, ugonjwa huu si wa jana, amekuwa akikonda kwa wiki kadhaa. Kama kifua kimejaa nyama na kuku hoi, ugonjwa umemvamia ghafla. Shika gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Asubuhi kabla hajala linatakiwa liwe tupu. Likiwa gumu kama limejazwa, ameziba. Likiwa laini kama puto la maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechachia humo. Tazama upanga wa kichwani: mweupe maana yake damu imepungua, wa buluu au zambarau maana yake hapumui vizuri au damu haizunguki. Kisha fungua manyoya ya kuzunguka tundu la haja na chini ya mabawa, ukimulika kwa tochi ya simu. Mdomo, macho, nyayo, umemaliza.

Kinyesi kinahitaji maneno ya ziada kwa sababu kinadanganya. Kinyesi cha kuku mzima ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijivu, na juu yake kina kofia nyeupe. Weupe huo ni mkojo, si ugonjwa. Mara chache kwa siku kuku huyo huyo hutoa kinyesi laini kama uji mzito, cha kahawia iliyokolea, kinachonata na kunuka sana. Hicho kinatoka kwenye zile chango mbili zisizo na upande wa kutokea, nacho ni cha kawaida kabisa. Watu wamewanywesha kuku dawa kwa sababu yake. Kuku anayeatamia naye hushikilia haja muda mrefu, akitoka anaacha bonge kubwa lenye harufu kali. Mwache, anaendelea na kazi yake. Na kuku anayehema mdomo wazi saa nane mchana chini ya bati amezidiwa na joto: mpe kivuli na maji ya baridi kabla hujafikiria mafua.

Wanakufa wengi, haraka, wa umri wote

Fikiria kideri, ambacho wengine hukiita mdondo. Kuku anahara kijani, anakoroma na kukohoa, anavimba macho, na baada ya siku chache wale walionusurika wanaanza kupinda shingo, kuzunguka, kutetemeka au kupooza mguu na bawa. Kundi lisilochanjwa linaweza kuisha karibu lote. Mara nyingine hutaona dalili yoyote: unafungua banda asubuhi, unakuta maiti.

Kideri hakina tiba. Nalisema hili nikijua kwamba kuna pilipili kichaa, mwarobaini, shubiri na majivu, na kwamba kila kijiji kina mtu aliyeponya kuku wake kwa mojawapo. Kuku wachache hupona kideri wenyewe, na chochote walichopewa siku hiyo hupata sifa. Unachoweza kufanya ni kuwatenga wagonjwa, kuwapa maji safi na joto, kutowauza, kutowachinja na kuwagawa mtaani, na kuwafukia waliokufa kwenye shimo refu ambalo mbwa hawatafukua. Usiuze hata wale wanaoonekana wazima. Hivyo ndivyo kideri kinavyofika kijiji cha pili.

Chanjo ndiyo kila kitu hapa, na ni rahisi. Chanjo ya I-2 ilitokana na utafiti wa Australia uliolenga vijiji visivyo na friji, ndiyo maana inastahimili joto kuliko chanjo nyingi. Tanzania inatengenezwa Kibaha. Ni tone moja katika jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo mkubwa sawasawa. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Maeneo mengi yamezoea kampeni za Januari, Mei na Septemba. Kustahimili joto si kustahimili jua: usiiache kwenye dashibodi ya gari wala mfuko wa shati. Subiri tone lienee jichoni, kuku apepese, ndipo umwachie. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, kwa hiyo ukisikia kideri kimefika kwa jirani wa tatu, chanja wazima leo hii. Usichanje kundi ambalo tayari lina wagonjwa. Utakuwa unabeba virusi kwa mikono yako toka kuku mmoja hadi mwingine.

Kama uliwachanja kwa maji wakafa vile vile, angalia maji. Maji ya bomba yana klorini, na klorini huua chanjo kabla kuku hajainywa. Tumia ya kisima au ya mvua, kwenye chombo cha plastiki kisichooshwa kwa sabuni, kuku wakiwa wamenyimwa maji kwa muda wa saa mbili hivi ili wote wanywe mara moja na kumaliza.

Homa kali ya mafua ya ndege haitofautishiki na kideri kwa macho. Mwanzoni mwa 2017 iligunduliwa Uganda, kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa ndege pori na kwa kuku. Kwa sababu hiyo, vifo vingi vya ghafla ni vya kuripoti kwa afisa mifugo siku hiyo hiyo, na maiti hizo usizipasue mwenyewe wala watoto wasizishike.

Mwenzake kideri katika kuua ghafla ni kipindupindu cha kuku. Huu ni wa bakteria, hushambulia zaidi wakubwa, hasa wanono wanaotaga. Hara yake ni ya kijani au njano, upanga na ndevu hugeuka zambarau, na kwa wale wanaochelewa kufa ndevu huvimba zikawa moto. Shingo haipindi kwa wingi kama kideri. Panya huusambaza sana, kwa hiyo banda lenye panya lina kesi ya kujibu. Homa ya matumbo hufanana nao: hara ya njano inayoelekea kijani, upanga mweupe, vifo vinavyojikokota kwa wiki badala ya kuja kwa mkupuo. Hapa dawa za bakteria husaidia, ila kuku anayepona homa ya matumbo huendelea kubeba vimelea na kuvipitisha kwenye mayai. Mayai yake usiyaatamishe.

Wadogo wanahara

Vifaranga wa wiki ya kwanza wanaoganda uchafu mweupe kwenye tundu la haja huenda wana homa ya kuharisha nyeupe waliyotoka nayo kwenye yai. Lakini huenda wamepigwa na baridi tu. Tazama wanavyolala. Wakirundikana chini ya taa au karibu na jiko, wana baridi. Wakikimbilia kingo na kuhema, wana joto. Wakitawanyika kama punje zilizomwagwa, hali ni sawa. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kidogo kidogo kila wiki. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua vifaranga kwa gesi, na asubuhi mwenye nyumba anasema ni ugonjwa. Acha upenyo juu ya ukuta. Waliogandiwa, wafute kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa. Usivute uchafu ukiwa mkavu, ngozi inachanika.

Kuanzia wiki ya tatu washukiwa wakuu ni wawili, na watu huwachanganya kila siku.

Kuhara damu kunatokana na vijidudu wanaokaa kwenye matandazo yenye unyevu. Kinyesi kina damu au rangi ya matofali, kuku anajikunyata, upanga unapauka. Hupenda banda lililolowa kuzunguka chombo cha maji. Dawa zake zipo na zinafanya kazi vizuri zikiwahi: amproliamu au dawa za salfa, kwa kipimo cha kwenye pakiti na kwa siku zote zilizoandikwa. Hapa kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: amproliamu huua kwa kumnyima kijidudu vitamini B1, hivyo ukichanganya pamoja na unga wa vitamini ulio na B1 kwa wingi, unaipunguzia nguvu. Vitamini zitakuja baada ya dozi kuisha. Na ukitibu bila kutoa matandazo yaliyolowa, unatibu mvua huku paa linavuja.

Gumboro ni virusi. Hara yake ni nyeupe ya majimaji, kifaranga anatetemeka, anainama na kujidonoa sehemu ya haja. Vifo hupanda ghafla, hufika kilele kama siku ya tatu au ya nne, kisha hushuka vyenyewe ndani ya wiki. Mwendo huo umewadanganya wengi: mtu anaanza dawa siku ya tatu, vifo vinapungua siku ya tano, anaapa kwamba dawa imetibu Gumboro na kuwaambia majirani. Maji yenye sukari na chumvi kidogo, joto na utulivu ndivyo vinavyowavusha. Kuku waliopona hubaki na kinga dhaifu, kwa hiyo wakifuatiwa na magonjwa mengine mwezi ule ule usishangae. Chanjo hutolewa kwa maji katika wiki ya pili na kurudiwa ya tatu au ya nne, kulingana na aina.

Uso, macho na pua

Uso ukivimba upande mmoja au pande zote, jicho likazibwa, puani kukatoka ute unaonuka vibaya sana, hayo ni mafua makali ya kuku. Harufu ndiyo shahidi wako. Ukimsogeza karibu utaijua. Yanasambaa haraka lakini huua wachache, na mayai hupungua. Ni ya bakteria, dawa husaidia. Aliyepona hubaki mbebaji, hivyo kuku mpya uliyemnunua "mzima kabisa" anaweza kuwa ndiye aliyeyaleta. Mtenge kila mgeni kwa wiki mbili au zaidi, mbali na wenyeji, na umlishe wa mwisho.

Macho yakijaa kitu cheupe kama jibini, bila harufu, na ndani ya mdomo na koo kuna vipele vidogo vyeupe, usikimbilie dawa ya mafua. Huenda ni upungufu wa vitamini A. Mahindi yetu mengi ni meupe, nayo hayana ile rangi ya njano ambayo mwili huigeuza vitamini A. Kuku anayefungiwa na kulishwa pumba za mahindi meupe kiangazi kizima lazima apungukiwe. Mchicha, matembele, majani ya mlonge au ya kunde, kila siku. Ondoa ule weupe kwa pamba na maji ya chumvi. Kuku anayezurura mvuani hapati tatizo hili, anajitafutia.

Vinundu vikavu kwenye upanga, ndevu, kope na kingo za mdomo, mahali pasipo na manyoya, ni ndui. Mbu ndio wanaoisambaza, kwa hiyo huja na mvua. Usivibandue, paka iodini au vaselini, visubiri vidondoke vyenyewe ndani ya wiki tatu au nne. Hatari ni pale inapoingia kooni na kuweka utando wa njano unaoziba pumzi. Kwa kuku ambaye macho yote mawili yamezibwa, kazi yako ni moja: mlishe kwa mkono na mnyweshe, maana mara nyingi kinachomuua ni njaa kabla ya ndui. Tofauti na kideri, chanjo ya ndui unaweza kuwapa wazima hata ugonjwa ukishaingia. Inachomwa kwenye utando wa bawa, na baada ya siku saba hadi kumi pawe na kinundu hapo. Kisipoonekana, haikushika.

Anachechemea

Kabla ya magonjwa makubwa, geuza mguu. Mijini, hasa karibu na saluni, nywele bandia na nyuzi hujiviringisha kwenye vidole vya kuku hadi damu inakata. Kidole kinavimba, kinakuwa cheusi. Tafuta uzi kwenye mkunjo wa kidole, utauona umezama ndani ya ngozi. Ukate kwa ncha ya mkasi, osha, paka iodini. Halafu tazama wayo: uvimbe wenye kigaga cheusi katikati ni jipu, mara nyingi kwa jogoo mzito anayeruka kutoka kwenye kichanja cha juu. Magamba ya mguu yakiinuka na kuwa manene, meupe, yenye ukoko, ni utitiri unaochimba chini ya magamba. Paka vaselini au mafuta ya kupikia mguu mzima, rudia kila siku chache kwa wiki kadhaa. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi, achana nayo.

Kuku kijana aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, anakula vizuri lakini hawezi kusimama, ana mahepe. Haitibiki. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza ya maisha, kwa hiyo ukinunua vifaranga waulize wauzaji kama walichanjwa. Kifaranga aliyekunja vidole ndani kama ngumi, mpe vitamini B za kwenye maji, akiwahiwa hunyooka.

Anakonda, upanga mweupe, hana homa

Nenda bandani usiku na tochi. Mulika nyufa za ukuta, viungo vya fito, chini ya kichanja. Utitiri na papasi hujificha humo mchana na kupanda juu ya kuku usiku. Pitisha karatasi nyeupe kwenye ufa, ukiona alama nyekundu, hiyo ni damu ya kuku wako. Kuku anayeatamia anaweza kuishiwa damu akiwa juu ya mayai. Kumpulizia kuku dawa peke yake hakusaidii, nyumba ya mdudu ni ukuta. Ziba nyufa, puliza banda kwa dawa iliyoandikwa kuwa ni ya kuku, rudia baada ya wiki moja au mbili ili kuwapata waliotoka kwenye mayai. Viroboto vinavyong'ang'ania usoni kama punje nyeusi, vipake vaselini vikose hewa.

Kama banda ni safi, huenda ni minyoo. Piperazini hutoa minyoo mikubwa ya mviringo tu; tegu huhitaji dawa nyingine, kwa hiyo ukiona vipande bapa vyeupe kwenye kinyesi, vitaje dukani. Kuwapa dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu kunatosha kwa kuku wa kuzurura.

Sababu ya tatu ni chakula chenye ukungu. Mahindi yaliyoonekana hayafai kwa ugali hupelekwa kwa kuku, na sumukuvu iliyomo huharibu ini na kudhoofisha kinga, hata chanjo zisishike vizuri. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara. Sumu ni hiyo hiyo. Mahindi hayo yafukie.

Dawa na mayai

Kila dawa ya bakteria ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti, ambazo mayai na nyama haviliwi. Usimpe mtoto yai la kuku aliye kwenye dozi. Maliza dozi hata wakichangamka siku ya pili, na kila asubuhi changanya maji mapya.

Ukishindwa kutambua

Maabara zipo. TVLA, wakala wa maabara za mifugo Tanzania, ina makao Temeke, Dar es Salaam, na vituo mikoani vikiwemo vya Arusha, Mwanza, Iringa, Tabora, Dodoma na Mtwara. Kenya iko Kabete. Peleka kuku mmoja au wawili walio hai na wanaoumwa, pamoja na aliyekufa saa chache tu zilizopita. Maiti iwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, izungukwe na barafu, isigandishwe, maana kuganda huharibu kinachotafutwa. Andika kwenye karatasi umri wao, idadi ya wote, idadi ya waliokufa kila siku, tarehe za chanjo, chakula wanachokula, na kila dawa uliyowapa, hata ile uliyoazimwa na jirani.